Seva ya Chumba cha Ndani

Itakuwaje fundi akifungua faili moja tu, kuhakikisha kwamba imehama salama? Na atafungua ipi?

Hilo ndilo lililoninyima usingizi mwanzoni mwa Ramadhani, nikiwa nimelala chali nyumbani kwetu Dunda, Bagamoyo, nikisubiri daku kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Nilijiambia kwamba fundi ana kazi nyingi, hana haja na harusi za watu asiowajua. Kisha nikajijibu kwamba fundi mzuri lazima afungue. Mimi mwenyewe ningefungua. Chuoni tulizoeshwa kuamini kwamba nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu, haijawa nakala. Kwa hiyo kadiri fundi wangu alivyokuwa makini na kazi yake, ndivyo ilivyokuwa hakika kwamba atamwona mke wa mtu. Nikatamani nimpate fundi mzembe. Kisha nikaogopa kwamba fundi mzembe atapoteza kila kitu. Nikageukia ukutani nikaanza upya.

Nieleze kwanza tulichokuwa nacho.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye studio ya picha za harusi, ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kina kaunta, kiti cha kupigia picha za pasipoti, na kompyuta ya kijana anayehariri upande wa wanaume: nikahi msikitini, bwana harusi akiingia, wazee wakila biriani. Chumba cha ndani kiko nyuma ya pazia zito la rangi ya zambarau, na huko ni upande wa wanawake. Hakuna mwanamume anayevuka lile pazia. Feni ilipoharibika, skrini zote zilizimwa na kufunikwa kanga kabla fundi hajaruhusiwa kuingia, na mwenye studio alisimama naye mpaka alipomaliza.

Kwa asiyezijua harusi zetu, jambo lenyewe liko hivi. Siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa na kung'arishwa, na usiku wa hina, na sherehe yenyewe ya wanawake, watu hukaa peke yao. Baibui zinatundikwa, mitandio inavuliwa, nywele zinaachwa. Mama ambaye mtaani humsikii sauti anacheza mpaka kanga inamfunguka. Mlangoni anakaa shangazi mmoja mkali na kapu, na kila anayeingia anatia simu yake humo, hata awe mke wa nani. Hakuna anayepiga picha isipokuwa kamera yetu, na nyuma ya kamera yetu dada mmoja ambaye mji mzima unamjua kwa kutosema.

Mwenye studio ni mama wa makamo aliyeanza kazi hiyo enzi za kanda, na kamera moja ya kuazima. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, isipokuwa akikasirika, hapo aliniita msomi. Nilikuja kwake nikiwa na shahada ya kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, baada ya kuzunguka nayo Dar mpaka bahasha ikachakaa. Alikuwa anatafuta mtu wa kompyuta, na mtu huyo ilibidi awe mwanamke. Sijidanganyi ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonipatia kazi.

Tulichokiita seva kilikuwa kompyuta ya kawaida iliyolazwa juu ya matofali mawili chini ya meza, chumba cha ndani, matofali yakiwa ya kuikinga na maji ya kudekia. Ndani yake mlikuwa na diski kadhaa zilizoongezwa moja moja kadiri zilivyojaa, na ndani ya diski hizo zilikuwamo harusi zote za studio tangu kanda zilipoachwa. Kompyuta za kuhariri zilisoma humo kwa waya. Tangu Rajabu ilikuwa imeanza kutoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kila niliposikia ule mlio nilinyanyua kichwa. Wenzangu walikuwa wameshauzoea.

Ramadhani haina harusi. Ndio mwezi wa studio kupumua, kufuta vumbi na kutengeneza vilivyoharibika, kabla ya Mfungo Mosi kuja na harusi mfululizo. Ilikuwa wazi kwamba kama mashine itabadilishwa, itabadilishwa wakati huo. Mama aliniita, akanipa bahasha.

"Hizi ni harusi mbili kubwa za Shaabani, faida yake yote," akasema. "Hakuna nyingine. Nitafutie mashine isiyogonga."

Nikaandika mpango. Niliuandika, nikaufuta, nikauandika tena. Nilipima vitu vyote tulivyonavyo, nikakadiria vitakavyoongezeka, nikaweka nafasi ya ziada, kisha nikaweka nafasi ya ziada ya ile nafasi ya ziada. Nilitaka diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, moja ikifa nyingine ibaki hai. Nilitaka betri nzuri ya kushika umeme unapokatika. Kila nilichoongeza kiliipita bahasha. Nikawa napunguza hapa, naongeza pale, mpaka nikaanza kuiona ile bahasha hata nikiswali.

Ndipo nikaenda Kariakoo, kwenye duka la kaka mmoja anayeuza mashine zilizotumika kutoka Ulaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu hawalifanyi mara nyingi ninapoanza kueleza, kisha akanipigia hesabu nzuri ajabu. Mashine kubwa, diski mbili kubwa, na betri. Bei ingeshuka hadi ndani ya bahasha kama ningempa mashine yetu ya zamani na diski zake zote. Na kuhamisha ni bure, niiache dukani siku mbili.

"Sista, wewe lala usingizi," akasema. "Nikimaliza nafungua mbili tatu tu nione kama zinacheza, nakupigia, unakuja kuchukua mzigo wako."

Nikatoa kishika uchumba. Nilirudi Bagamoyo na stakabadhi mkobani nikiwa mwepesi, na nilikuwa nimeshapita Bunju ndipo yale maneno yake yaliponirudia. Nafungua mbili tatu tu. Katika mpango wangu wote ule, harusi zilikuwa uzito. Nilizipima kama mtu apimavyo mchele. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mchele huu una nyuso.

Sikusema chochote siku hiyo, wala siku iliyofuata. Nilidhani nitapata dawa kabla sijalazimika kuutaja ugonjwa. Dawa niliyoijua ni kuzifunga picha zote kwa neno la siri kabla ya kuipeleka mashine, ili hata akifungua asione kitu. Lakini kuzifunga ni kuziandika upya zote, na diski iliyoanza kugonga huiagizi kazi ya namna hiyo. Ni kama kumwambia mgonjwa wa pumu ahame nyumba kwa miguu. Na fundi ambaye hawezi kufungua hata moja atajuaje kama zimehama? Nikawa nimerudi palepale.

Mwishowe nikamwambia mama. Ilikuwa baada ya alasiri, studio haina mteja. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha pasipoti kwa sababu ndicho kilicho karibu na feni, na dada wa kamera alikuwa anasafisha lenzi kwa kitambaa. Nilieleza kuanzia mwanzo, nikataja ukubwa wa diski, nikataja betri. Mama aliitikia kwa kichwa kila kitu.

"Kwa hiyo mashine italala Kariakoo," akasema.

"Siku mbili tu, mama."

"Ilale na nani?"

Dada wa kamera akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona mama hacheki.

"Mwenye duka anaonekana mtu mwaminifu," nikasema.

"Sijamkataa. Nimeuliza ilale na nani."

"Mimi nikienda kwenye singo," dada wa kamera akasema bila kuinua macho kwenye lenzi yake, "simu yangu mwenyewe natia kwenye kapu. Simu yangu mimi. Sasa mwenzetu anataka kwenda kuwaachia kapu zima."

"Mwache," mama akasema. "Msomi amechoka, saumu imemkamata."

Aliniita msomi, kwa hiyo nilijua hali ilivyo. Nikasema basi tunaweza kuziweka mtandaoni, tulipie kila mwezi, tusiwe na mashine kubwa kabisa. Akauliza mtandaoni ni wapi. Nikasema ni kwenye mashine za kampuni, nje ya nchi, lakini zinafungwa, na ufunguo tunao wenyewe. Akauliza ufunguo ukipotea. Nikasema basi hata sisi hatutaziona tena. Akafikiri kidogo.

"Hiyo si mbaya," akasema, na hapo dada wa kamera akacheka sawasawa. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mtandao wetu wa Dunda. Kuzipandisha zote kungetupitisha Idi zote mbili.

Niliuliza jambo ambalo, nikilikumbuka sasa, ndilo nilipaswa kuliuliza kabla ya kupima chochote. Niliuliza kwa nini tunazo zote. Harusi ikiisha mteja anapewa yake. Zamani ilikuwa CD, siku hizi ni flashi. Sisi tunabaki nazo za nini?

"CD inakwaruzika," mama akasema. "Flashi mtoto anaitupa chooni. Wanakuja baada ya miaka, mama hamna nakala? Nawaambia subiri. Umewahi kumwona mtu anavyonishukuru?"

"Lakini wanajua kwamba tunazo?"

"Wanajua wakizihitaji."

"Na wasiozihitaji?"

Nikasema kwamba siwezi kupanga ukubwa wa mashine bila kujua tunamwekea nani. Pengine tunahangaika kununua ghala la vitu ambavyo wenyewe wangetuambia tuvichome. Tuwaulize. Anayetaka yake iwekwe, iwekwe. Asiyetaka, tufute, na mashine ndogo itatosha, na hakuna diski itakayokwenda Kariakoo.

Nilichokiona usoni mwa mama sikukitegemea, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa. Jina lake lote katika mji huu limesimama juu ya jambo moja, kwamba anachokiona hakitoki. Nilikuwa namwomba apige hodi nyumba kwa nyumba aseme kwamba hakijatoka, ila hakijafutika pia.

"Watu watasema studio inalimbikiza wake za watu," akasema.

"Diski ikifa hatutakuwa na la kuwauliza, mama."

"Na ikifa hakuna atakayenilaumu pia." Akainuka, akavaa viatu. "Nenda kwa mmoja. Mmoja tu. Akinitukana, akutukane wewe kwanza."

Tulimchagua ambaye harusi yake ilikuwa kwenye ile diski inayogonga, mmoja wa wateja wa mwanzo kabisa wa zama za kompyuta. Aliishi Makurunge. Nilitaka kumpigia simu, dada wa kamera akakataa, akasema jambo kama hilo halisemwi kwenye simu, hujui nani yuko karibu na spika. Tukachukua bodaboda mbili. Njiani nilitunga maneno ya kuanzia, nikayabadilisha, nikatunga ya kujibu kila aina ya hasira. Nilikuwa na jibu la mtu atakayelia na jibu la mtu atakayetufungulia mbwa, ingawa kule nani anafuga mbwa.

Tulimkuta uani anamenya muhogo wa futari. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, na alimtambua dada wa kamera kabla hatujamaliza kubisha hodi.

"Karibuni. Nani anaolewa?"

"Hakuna, dada," mwenzangu akasema. "Tumekuja kwako."

Akatuwekea mkeka. Wakaulizana habari za saumu, za watoto, za mvua ambayo haikuja. Mimi nilikaa na maneno yangu yote. Mwenzangu alipoona siyatoi, akanigusa kwa kiwiko, nayo yakatoka yote kwa pamoja, mashine, diski, mlio, Mfungo Mosi. Yule dada alinisikiliza huku kisu kikiendelea kumenya. Kisha kikasimama.

"Mnayo harusi yangu?"

"Ndiyo, dada."

"Yote? Na singo?"

"Yote."

"Nani mwingine anayo?"

"Hakuna."

"Una uhakika?"

Hapo mtu wa kawaida angesema ndiyo. Mimi nikaanza kueleza kwamba kwa jinsi mtandao wetu wa ndani ulivyo, na kwa kuwa mashine haijaunganishwa nje, uwezekano ni mdogo sana, na mwenzangu akanikanyaga mguu.

"Ana uhakika," akasema.

Yule dada akautazama muhogo. "Aliyenioa tumeachana, nyie mnajua. Siku alipoondoka aliondoka na ile CD. Nilikaa nikiwaza anamwonyesha nani. Nimekaa nikiwaza hivyo miaka. Kumbe kuna nyingine." Hakupandisha sauti. Ningependelea apandishe. "Ifuteni," akasema. "Leo. Futeni yote."

Nikasema sawa, dada. Nikakiri moyoni kwamba nimefarijika, kwamba jibu ni rahisi, kwamba kama wote watajibu hivi mashine itakuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Tulikuwa tumeshasimama, mwenzangu anakunja mkeka, ndipo yule dada aliposema, akiwa ametupa mgongo:

"Mama yangu yumo?"

"Yumo," dada wa kamera akasema. "Yeye ndiye aliyeshika bakuli la singo. Alinifukuza na kamera."

"Mama alifariki mwaka juzi," yule dada akasema. "Nina picha yake ya kitambulisho. Basi."

Tulikubaliana aje studio asubuhi, aone mwenyewe kabla ya kufuta.

Asubuhi hiyo nilifika mapema. Nilikuwa na diski yangu ndogo ya mkobani, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kufungua dirisha, ni kunakili folda yake yote humo. Sikuifikiria mara mbili, na hilo peke yake kwangu ni ajabu. Ndivyo nilivyofundishwa. Hugusi kitu ambacho huna nakala yake. Mama aliingia akaona ile diski ndogo inawaka taa, akauliza ni nini, nikamwambia.

"Vizuri," akasema. "Isije ikafia mikononi."

Yule dada alikuja amevaa baibui, akavuka pazia, akaitundika nyuma ya mlango kama watu wanavyofanya kwenye sherehe. Nikamwekea kiti mbele ya skrini. Mama alisimama nyuma yetu. Nikaitafuta sehemu ya singo, mashine ikagonga, ikasita, kisha chumba kikajaa sauti za wanawake.

Mama yake alikuwa mfupi, mnene, amejifunga kanga kiunoni. Alipita mbele ya kamera na bakuli, akaona anapigwa picha, akasema kwa Kikwere kitu ambacho sikukielewa, kisha akasema kwa Kiswahili, "Usinipige miye, mpige mwari." Dada wa kamera, wa miaka ile, hakutii. Alimfuata. Yule mama akageuka, akaitazama kamera kwa macho makali kabisa, na ghafla akacheza hatua mbili, akaendelea na kazi yake kama si yeye.

Yule dada alicheka. Akaomba nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tatu hakucheka, alikuwa anasikiliza. Akasema alikuwa ameshaisahau sauti, kwamba alikuwa anaitafuta nyakati nyingine akiwa jikoni na haipati.

"Kuanzia anapoingia na bakuli, mpaka anapotoka," akasema. "Nipe hiyo. Mimi nifute."

"Wewe umo pembeni, dada. Mnaonekana pamoja."

"Basi hapo pembeni nitakaa. Kwingine kote nitoe."

Nikaikata. Ilikuwa kipande kifupi sana, unaweza kukimaliza kabla chai haijapoa. Nikakitia kwenye flashi aliyokuja nayo, nikaifungua mbele yake, ikacheza, nikampa. Akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha nikaenda kwenye folda yake, nikaichagua yote, nikabonyeza futa. Mashine ikauliza kama nina hakika.

Nilikaa na mkono juu ya kipanya. Ndani ya mkoba wangu, karibu na mguu wake, ile diski ndogo ilikuwa na harusi yake nzima. Nilianza kufikiri kwa ile njia yangu. Labda nimekata vibaya, labda kuna mahali pengine mama yake anaongea, kwenye chakula, kwenye hina, sijatazama kote. Akirudi mwakani analia, anaomba sekunde moja zaidi, nitamwambia nini? Flashi huharibika. Pindo la kanga hufunguka. Mtu mwenye busara angebaki na nakala, asimwambie, aiweke mahali salama, na siku ya haja aonekane amefanya jema. Nikageuka nikamtazama mama mwenye studio, na nikaona naye anawaza hilohilo, kwa sababu alikuwa anautazama mkoba. Alikuwa amelifanya jambo hilo maisha yake yote, kwa moyo mweupe, na watu walimshukuru.

"Imetoka?" yule dada akauliza.

Nikabonyeza ndiyo. Zikatoka.

"Hamna pengine?"

Mama alikuwa ameniachia mimi nijibu, na nilijua kwamba lolote nitakalosema, atalishuhudia.

"Ipo," nikasema. "Nilifanya nakala asubuhi hii kabla hujaja. Nilihofia diski."

Nikaitoa mkobani, nikaiweka mezani, nikaichomeka. Sikumtazama usoni. Nikamwonyesha folda kwenye skrini, jina lake na tarehe yake, nikaifuta hiyo pia, kisha nikaisafisha diski yote, pamoja na kazi zangu za chuo zilizokuwamo, kwa kuwa sikutaka nimwombe asubiri nizichambue. Ilipomaliza nikamfungulia tena aione ilivyo tupu. Studioni hakukuwa tena na nakala yake.

Yule dada alivaa baibui yake polepole. Mlangoni aligeuka, akamtazama mama.

"Umenitunzia vizuri," akasema. "Asante kwa kuniuliza."

Pazia liliporudi mahali pake mama alikaa kwenye kile kiti chenye joto bado, mbele ya skrini. Nilimwambia kwamba nimeamua, kama ataniruhusu, na nikaendelea kabla hajasema, maana nikisimama nitaanza kupima tena. Mwezi wote uliobaki tutauliza, yeye kwa wakubwa wenzake, dada wa kamera kwa wale anaowajua, mimi kwa waliobaki. Anayetaka tumwekee, ataambiwa tunaiweka wapi. Anayetaka nusu, tutakata nusu. Kuanzia Mfungo Mosi mteja akishapokea yake na kuiona inacheza, upande wa wanawake unafutwa siku hiyohiyo, mbele yake.

"Na akiipoteza?"

"Ameipoteza, mama."

Mashine chini ya meza ikagonga.

"Wa kwanza kwenye orodha yangu ni wifi yangu," akasema mwishowe. "Huyo atanitukana kweli." Akachukua simu yake, akatoka nayo chumba cha mbele.

Mimi nikampigia yule kaka wa Kariakoo. Nikamwambia nataka ile mashine ndogo, aliyoniambia inafaa duka la dawa, na diski mbili za wastani, zinazoweza kuongezewa kama wengi watataka kuwekewa, na betri ileile. Akapiga hesabu. Bila ya kumpa za zamani, bei ilikuwa inagusa mwisho wa bahasha, lakini ilikuwa ndani.

"Na mzigo wa kuhamisha unaleta lini?" akauliza.

"Siuleti. Nahamisha mwenyewe, hapahapa."

"Na zile diski kuukuu? Sista, nilikuwa nakupa pesa nzuri."

"Hizo haziuzwi," nikasema. "Nikishazimaliza nitazivunja."

Akaniambia napoteza pesa. Nikamwambia najua. Nikachukua bahasha na stakabadhi, nikamwomba dada wa kamera anishikie chumba cha ndani, na kabla adhuhuri haijaadhiniwa nilikuwa stendi, naelekea Dar kuichukua.